Tuache Kupima Mazoezi kwa Kilo

Tangazo limebandikwa tena pale ubaoni karibu na mgahawa. Shindano la kupunguza uzito linarudi muhula huu: wiki 8, kiingilio shilingi 5,000, na atakayepunguza kilo nyingi kuliko wenzake anaondoka na laki tatu. Waziri wetu wa michezo amelirusha kwenye makundi yote ya WhatsApp ya madarasa, na najua amefanya hivyo kwa nia njema. Kwa jinsi tunavyohema tukipanda ngazi za maktaba, nani atagombana na nia hiyo? Ugomvi wangu mimi ni na ile mizani.

Niseme wazi mapema. Shindano hili likiendeshwa kama la mwaka jana, litawafukuza uwanjani watu wale wale ambao mazoezi yangewasaidia zaidi. Sisemi kwa wivu, sijawahi kushiriki. Niko mwaka wa tatu, nasoma fiziolojia, na nakimbia asubuhi pale uwanjani, kwa hiyo niliwaona washiriki wakija na niliwaona wakipotea. Wiki ya kwanza watu walijaa hadi timu ya mpira ikalalamika kwamba haina pa kupashia misuli. Wiki ya nne mngeweza kuwapakia wote kwenye Noah moja. Ukimuuliza mtu kwa nini kaacha, jibu lilikuwa lile lile: "Nimejaribu, mizani haisogei."

Kulikuwa na dada mmoja wa Sheria, jina lake silitaji kwa sababu hajaniruhusu. Mwili wake mkubwa, na alikuwa anakuja siku 5 kwa wiki, saa 12 asubuhi, anatembea haraka mizunguko yake, anakimbia kidogo, anatembea tena. Hakukosa. Siku ya fainali alipanda mizani mbele ya watu, ikasoma kapungua kilo moja na nusu. Mshereheshaji akashika kipaza sauti: "Dada, kumbe mlikuwa mnakimbilia mgahawani?" Watu wakacheka sana. Tangu siku ile hajakanyaga uwanja. Mshindi yeye alipunguza kilo 9, na rumeti wake anasimulia mpaka leo jinsi jamaa alivyokaa siku mbili za mwisho bila kunywa maji, akawa anakimbia mchana wa jua la Dar kavaa sweta mbili na mfuko wa nailoni ndani. Kilo zake zilirudi kabla laki tatu hazijaisha.

Sasa, swali ambalo hakuna aliyeuliza siku ile ni hili: kwa wiki zile 8, ndani ya mapaja ya yule dada kulikuwa kunatokea nini? Mimi nadhani kulitokea jambo kubwa kuliko lililomtokea mshindi. Naomba dakika zako chache nieleze, na nitajitahidi nisikufanye ujione uko kwenye kipindi cha saa 7 mchana.

Tukila wali, ugali au chipsi, wanga unavunjwa kuwa glukosi na kuingia kwenye damu. Kongosho linahisi sukari imepanda, linatoa insulini. Hapo wengi tunajua. Tusichokijua wengi ni kwamba mteja mkubwa wa hiyo sukari ni misuli, ile iliyoshikamana na mifupa, mapaja, makalio, mgongo, mikono. Kwenye majaribio ambayo watu hupewa insulini na glukosi kwa mpira wa mshipani, takriban asilimia 80 ya glukosi inayoondoka kwenye damu huishia kwenye misuli. Kwa hiyo misuli ikigoma kupokea, hakuna kiungo kingine chenye nafasi ya kumeza mzigo huo wote.

Inapokeaje? Chukulia daladala zimeegeshwa yadi. Abiria, yaani glukosi, wamejaa kituoni na hawawezi kuingia kwenye seli kwa miguu yao. Ndani ya seli ya msuli kuna protini inaitwa GLUT4, nyingi sana, lakini muda mwingi zimelala ndani kabisa, mbali na ukuta wa seli. Hizo ndizo daladala. Insulini ni simu inayopigwa kutoka kituoni: inagusa kipokezi kwenye ukuta wa seli, kipokezi kinapasha habari protini ya pili, ya pili inaipasha ya tatu, mpaka ujumbe unafika yadi na GLUT4 zinatoka kwenda ukutani kubeba abiria.

Kwa mtu mwenye unene uliozidi, daladala hazijaibiwa. Zipo. Tatizo ni simu. Mafuta yanapokosa nafasi kwenye maghala yake ya kawaida huanza kujazana kwenye ini na hata ndani ya misuli, na mabaki ya mafuta hayo, vitu kama seramidi na diasiliglisero, huvuruga ile mnyororo ya kupashana habari. Kemikali za uvimbe zinazotoka kwenye mafuta ya tumboni nazo zinachangia. Kituoni wanapiga, yadi wanasikia mkwaruzo tu. Hiyo ndiyo inayoitwa usugu wa insulini.

Kongosho halikati tamaa haraka. Likiona simu haipokelewi, linapiga mara mbili, mara tatu. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na insulini nyingi mno kwenye damu huku sukari yake ikisoma kawaida kwa miaka kadhaa. Anakwenda kupima, anaambiwa uko sawa, anarudi zake. Kumbe ndani mwake kuna kiungo kinafanya kazi ya zamu tatu. Siku kongosho likichoka ndipo sukari inapanda, na hapo ndipo familia inaanza kusema "ghafla tu mama kapata kisukari". Hakuna ghafla hapo.

Sasa tuje kwenye sehemu ninayoipenda. Msuli unaojikunja na kujikunjua hausubiri simu ya insulini. Unapotembea kwa kasi au kupanda ngazi, kalsiamu inamwagika ndani ya seli, akiba ya nishati inashuka, kimeng'enya kinachoitwa AMPK kinaamka, na kwa njia hizo GLUT4 zinatolewa yadi kupitia mlango mwingine kabisa. Mlango huo haupiti kwenye ile sehemu iliyoharibika. Mwaka 1999 watafiti wa Boston walichukua vipande vidogo vya misuli ya watu wenye kisukari cha aina ya pili kabla na baada ya kuendesha baiskeli, wakakuta GLUT4 zimesogea ukutani kama zilivyosogea kwa watu wasio na ugonjwa. Yaani msuli ambao umekuwa kiziwi kwa insulini kwa miaka bado unaitikia mwendo. Nikikumbuka nilipolisoma hilo mara ya kwanza, nilifunga kitabu nikatoka nje kutembea.

Na si wakati wa mazoezi tu. Ukimaliza, ule mlango wa pili unafungwa taratibu ndani ya saa chache, lakini msuli uliofanya kazi unabaki na masikio makali kwa insulini, kwa siku moja mpaka mbili hivi. Wadenmaki walionesha hili kwa namna ambayo hata mtoto anaelewa. Erik Richter na wenzake kule Copenhagen waliwaweka watu wafanye mazoezi kwa mguu mmoja tu, mguu wa pili umetulia. Saa chache baadaye wakawapa insulini na kupima kila mguu unachukua glukosi kiasi gani. Mtu ni yule yule, damu ile ile, insulini ile ile. Mguu uliofanya kazi ukachukua nyingi zaidi. Kwa hiyo faida haiko hewani, haiko kwenye jasho wala kwenye "kuchoma mafuta" kwa maana ya mabango ya jimu. Iko ndani ya msuli ulioutumia.

Ukirudia rudia kwa wiki kadhaa, mambo yanakuwa ya kudumu kidogo: seli zinatengeneza GLUT4 zaidi, mishipa midogo ya damu inaongezeka kuuzunguka msuli, mitokondria zinaongezeka, na ghala la kuhifadhi glukosi kama glaikojeni linafanya kazi vizuri zaidi. Mafuta ndani ya msuli nayo yanapata matumizi. Hapa kuna kioja kimoja wataalamu wanakipenda: wakimbiaji wa mbio ndefu wana mafuta mengi ndani ya misuli yao, wakati mwingine kama watu wanene, na bado misuli yao inaisikia insulini vizuri kuliko ya watu wa kawaida. Inaonekana shida kubwa ni mafuta yaliyokaa kama maji ya dimbwi. Yanayotoka na kuingia kila siku hayana madhara hayo.

Katika hayo yote, ni lipi mizani ya bafuni ingeliona? Hakuna hata moja. GLUT4 hazipimwi kwa kilo.

Mtu ataniambia: lakini si ukifanya mazoezi sana utapungua tu? Utapungua, ila kidogo kuliko unavyoahidiwa, na tuna ushahidi wa hapa hapa nyumbani. Herman Pontzer na wenzake walikwenda kwa Wahadza, kandokando ya Ziwa Eyasi, wakapima nishati wanayotumia kwa siku nzima kwa njia ya maji yenye alama. Wanaume wa Kihadza hutembea zaidi ya kilomita 10 kwa siku wakiwinda na kutafuta asali, wanawake karibu 6 wakichimba mizizi. Kila mtu alitegemea watakuwa wanatumia nishati kuliko Wamarekani wanaokaa ofisini. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalisema hapana: ukizingatia ukubwa wa mwili, jumla ya nishati kwa siku haikutofautiana. Maelezo ya Pontzer ni kwamba mwili una bajeti, ukitumia zaidi kwenye mwendo unabana kwingine. Ubishi juu ya maelezo hayo unaendelea, ila kwa mtu anayetegemea kukimbia peke yake kumshushe kilo 9 kwa wiki 8, habari si njema. Ndiyo maana mshindi wetu ilibidi aache kunywa maji.

Basi ikiwa tutawaambia watu kwamba mazoezi ni kwa ajili ya kilo, tunawaahidi kitu ambacho mazoezi yanakitoa kwa ubahili, na tunawaficha kile ambacho yanakitoa kwa ukarimu. Mtu akiona ahadi haikutimia anaondoka. Hana kosa.

Mwaka 2004 lilichapishwa jaribio la Joseph Houmard na wenzake kule North Carolina, juu ya watu wazima wanene waliokuwa hawafanyi mazoezi kabisa. Waligawanywa vikundi, wengine wakifanya kwa nguvu, wengine kwa kiasi, kwa miezi kadhaa. Kilichotofautisha vikundi kwa usikivu wa insulini hakikuwa ukali. Ilikuwa ni muda: waliofika takriban dakika 170 kwa wiki walipata nafuu kubwa kuliko waliofanya takriban dakika 115, hata pale ambapo wa dakika 115 walikuwa wanahema zaidi. Dakika 170 ni chini ya nusu saa kwa siku. Yule dada wa Sheria alikuwa anazizidi, na hakuna aliyempa hata chupa ya maji.

Na huko Da Qing, China, mwaka 1986 walianza kuwafuatilia watu 577 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kuyumba. Baada ya miaka 6, katika kundi lililoachwa bila mafunzo yoyote, karibu asilimia 68 walikuwa wamepata kisukari. Kundi la mazoezi peke yake lilikuwa asilimia 41. Miaka 6, bwana, si wiki 8.

Nisieleweke vibaya. Sisemi uzito si kitu, na wala siungi mkono ule msemo wa mtandaoni kwamba ukiwa mnene halafu unafanya mazoezi basi hakuna la kuhofia. Kupunguza uzito, hasa mafuta ya tumboni, kunapunguza mzigo wa ini, magoti na moyo, na hata insulini yenyewe inasikika vizuri zaidi. Jaribio kubwa la Marekani lililotoka mwaka 2002, la watu zaidi ya 3,200, lilichanganya dakika 150 za mwendo kwa wiki na lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito, likapunguza visa vipya vya kisukari kwa asilimia 58, wakati dawa ya metformin ilipunguza kwa asilimia 31. Vyote viwili vina nafasi. Lakini uzito unaoshuka kwa njia ya haki ni kazi ya sahani zaidi kuliko kazi ya raba, tena unashuka polepole. Kuuwekea laki tatu na wiki 8 ni kualika udanganyifu.

Wengine mnajiuliza kisukari kinatuhusu nini sisi wa miaka 21. Waliosoma nami wanajua nina shangazi anaumwa sukari, anatumia metformin, anakaa Tanga. Daktari alimwambia atembee. Akatembea miezi miwili, akaenda kupanda mizani ya duka la dawa, akakuta kilo zile zile, akaniambia kwa simu, "Mwanangu, nimeacha, miguu inauma bure." Nikamuuliza vipimo vya asubuhi vinasemaje. Vilikuwa vimeshuka, kaviandika mwenyewe kwenye daftari la kliniki, ila hakuna aliyemwambia kwamba vile viwili vina uhusiano. Siku hizi anatembea baada ya chakula cha jioni na jirani yake, wanasengenya njia nzima. (Wewe mwenye mzazi anayechoma insulini au anayemeza vidonge vya kushusha sukari, azungumze na daktari wake kwanza. Mwendo na dawa vikishirikiana, sukari inaweza kushuka kupita kiasi.)

Lakini hata bila mzazi mgonjwa, sisi wenyewe tuko katikati ya badiliko ambalo limeshapimwa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 timu ya Profesa Donald McLarty ilipima maelfu ya watu katika vijiji vya Tanzania, ikakuta kisukari chini ya asilimia 1. Kizazi cha babu zetu hicho, si zamani za mawe. Baadaye watafiti waliwafuata watu wa vijijini Morogoro kabla ya kuhamia Dar es Salaam, wakawapima tena baada ya mwaka mmoja mjini. Kabla ya kuhama, karibu wanaume 8 kati ya 10 walikuwa wanafanya kazi za kutoa jasho jingi. Baada ya mwaka ni kama 1 kati ya 4. Uzito ulikuwa umepanda zaidi ya kilo 2 kwa wastani, kwa wanaume na wanawake. Soma tena halafu ujiulize: mtu aliyetoka kijijini akaja Dar, akaacha jembe, akaanza kukaa. Huyo si mwanafunzi wa mwaka wa kwanza? Boom likiingia, chipsi mayai. Likikata, chai na maandazi manne. Katikati ni kukaa: kipindi, maktaba, kikundi cha kudesa, kitanda, simu.

Na kukaa hakuhitaji miaka kuharibu kitu. Huko huko Copenhagen, vijana 10 wenye afya, waliozoea kutembea kama hatua 10,000 kwa siku, waliambiwa wapunguze mpaka chini ya 1,500. Lifti badala ya ngazi, gari badala ya miguu. Baada ya wiki 2 tu usikivu wao kwa insulini ulikuwa umeshuka kwa kipimo kinachoonekana wazi. Wiki 2! Ndiyo muda wetu wa UE kabisa. Nenda kahesabu hatua zako wiki ya mitihani.

Dawa ya hilo nayo si ngumu. Kule Melbourne waliwaketisha watu wanene masaa kadhaa baada ya kinywaji chenye sukari nyingi. Siku walipoinuka kutembea dakika 2 kila baada ya dakika 20, sukari ya baada ya mlo ilipungua kwa takriban robo ukilinganisha na siku waliyokaa mfululizo. Dakika 2 ni kwenda kujaza chupa ya maji. Ni kwenda kumwambia yule jamaa anayeongea kwa sauti maktaba apunguze. Na zile siku maji yakikatika hosteli, tukipandisha ndoo mpaka ghorofa ya nne huku tukiwalaani wahusika, msuli wa paja unafaidi bila kujali hasira zako. Sisemi wayakate zaidi.

Ila nikisema "inuka utembee" kana kwamba kinachokosekana ni utashi, nitakuwa naongea kama mabango yale yale. Muulize msichana yeyote wa hapa kwa nini hakimbii jioni. Taa za upande wa nyuma wa uwanja hazijawaka tangu nimefika chuoni. Kuna vijana wanakaa kwenye kile kibaraza kazi yao ni kutoa maoni juu ya mwili wa kila anayepita, na wakimwona mwenye mwili mkubwa anakimbia ndiyo burudani ya jioni. Jimu yetu ina ada ya mwezi ambayo ni sawa na mlo wa wiki nzima. Ratiba inapanga vipindi kuanzia saa 1 asubuhi mpaka saa 2 usiku, na katikati masaa mawili ambayo hayatoshi kwenda kuoga na kurudi. Watu hawa hawahitaji mizani. Wanahitaji taa, na wanahitaji kutochekwa.

Kwa hiyo haya ndiyo ninayopeleka kwa waziri wa michezo, na nimeshamwambia mdomoni. Kwanza, mizani iondolewe. Kama lazima pawe na zawadi, ahesabiwe mtu siku alizofika uwanjani na dakika alizotembea, kwenye karatasi ya kusaini kama tunavyosaini semina. Haidanganyiki kwa sweta mbili. Mtu wa kilo 60 na mtu wa kilo 110 wanaanzia mstari mmoja, na mwembamba ambaye misuli yake imelala kwa kukaa naye ana sababu ya kuja, maana wembamba haumkingi mtu na usugu wa insulini. Pili, lisiwe la wiki 8. Kama faida ya mazoezi ya leo inaisha keshokutwa, basi kinachofaa ni kitu cha muhula mzima, siku 3 au 4 za kila wiki, zisizopishana kwa zaidi ya siku 2. Hata kikiwa kidogo. Tatu, siku 2 za wiki ziwe za nguvu: kuchuchumaa na kuinuka, pushapu, kubeba. Shirika la Afya Duniani nalo linashauri hivyo, pamoja na dakika 150 mpaka 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, na msuli ulioongezeka ni nafasi ya ziada ya kuhifadhi sukari. Hakuna haja ya jimu kwa hilo. Nne, laki tatu ile inunue taa. Fundi wetu wa umeme ameniambia taa 4 na waya zinapatikana kwa pesa hiyo, na yeye atazifunga bure kama tutampa barua ya kibali.

Waziri alinisikiliza, nikampenda kwa hilo. Akasema wasiwasi wake ni mmoja: bila kilo hakuna msisimko, watu wanapenda kuona namba ikishuka jukwaani. Nikamjibu kwamba namba zipo. Ukimpima mtu mapigo ya moyo dakika moja baada ya kupanda ngazi za maktaba wiki ya kwanza, ukampima tena wiki ya 12, utapata namba inayoshuka, na hakuna wa kumcheka. Mzunguko wa kiuno nao unaweza kupungua hata kilo zikigoma, ingawa huo naomba upimwe faragha, na kwa anayetaka tu.

Alikuwa na fomu za usajili mezani, zimeshachapishwa, safu mbili za mwisho zimeandikwa "uzito wa mwanzo" na "uzito wa mwisho". Nikamwomba kalamu. Akanitazama kidogo, halafu akasema fomu ziko 200 na tusubiri kikao cha baraza Jumatano, saa 10 jioni, ukumbi mdogo. Kikao kiko wazi kwa kila mwenye kitambulisho. Nimemtumia ujumbe dada wa Sheria pia. Kajibu kwamba ana jaribio siku hiyo, ila litaisha saa 9 na nusu.